Lori la Zamani Linapochemka: Kutafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili Katika Joto la Malindi

Kila mwaka, kuanzia Januari hadi masika yanapoingia, malalamiko ya wenye malori ya zamani hapa Malindi huwa ni yale yale: geji ya joto imepanda, maji yameruka kutoka kwenye rejeta, na lori limeegeshwa kando ya barabara ya Gongoni boneti ikiwa wazi. Wa kwanza kulaumiwa ni jua, na kwa kuwa hakuna fundi wa kutengeneza jua, mwenye lori huzoea kubeba mitungi ya maji na kuichukulia hali hiyo kuwa ndiyo tabia ya gari kuukuu.

Jua lina sehemu yake, lakini sehemu hiyo inapimika. Rejeta hutoa joto kwa kadiri ya tofauti iliyopo baina ya maji yaliyomo ndani na hewa inayopita nje. Maji yakiwa na nyuzi 85 za selisiasi na hewa ikiwa na nyuzi 20, kama ilivyo siku ya kawaida ya kiangazi huko Uingereza ambako lori la Bedford TJ lilianza kuuzwa mwaka 1958, tofauti ni nyuzi 65. Alasiri ya Februari hapa kwetu, hewa ikiwa na nyuzi 33, tofauti hiyo hushuka hadi nyuzi 52. Kwa hiyo rejeta ile ile imepungukiwa na moja ya tano ya uwezo wake, na haijapungukiwa na zaidi ya hapo. Malori haya yaliuzwa katika nchi za joto tangu mwanzo, na injini zake ziliundwa zikiwa na akiba ya kustahimili upungufu huo. Tena sisi tulio usawa wa bahari tuna nafuu ambayo wenzetu wa Nairobi hawana: maji ya huku huchemka kwa nyuzi 100, ilhali ya kule huchemka karibu na nyuzi 94. Lori linalochemka Malindi, basi, limepoteza akiba yake mahali fulani, na kazi iliyopo ni kutafuta imepotelea wapi.

Kabla ya dalili yoyote, yako mambo ya usalama ambayo hayana mjadala. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto, hata kwa kitambaa kinene, kwa sababu maji yaliyo chini ya shinikizo hugeuka mvuke papo hapo yanapofunguliwa na yanaweza kumtoa mtu ngozi ya uso na mikono. Subiri hadi mpira wa juu wa rejeta uminyike kwa mkono bila kusukuma na bila kuunguza, jambo linaloweza kuchukua nusu saa au zaidi. Maji baridi hayamwagwi ndani ya injini iliyochemka wala juu ya bloki yake, yaani mwili wa injini, kwani chuma cha kalibu kikipozwa ghafla hupasuka, na hedi (kichwa cha injini) iliyopasuka ni ghali na adimu kuliko mzigo wa siku moja. Anayefanya kazi karibu na feni inayozunguka asivae kikoi, shuka wala shati lenye mikono iliyolegea.

Linachemka likisimama au likienda polepole, lakini linapoa likishika mwendo

Dalili hii ndiyo inayoripotiwa zaidi na ndiyo rahisi kuitatua. Lori likiwa kwenye mwendo, upepo wa safari husukuma hewa kupita kwenye rejeta. Likiwa kwenye foleni ya Mtwapa, au likijikokota mchangani nyuma ya Mambrui, kazi yote hubaki kwa feni. Kama maji yanapoa mara mwendo unapoongezeka, mzunguko wa maji ni mzima na kasoro iko upande wa hewa.

Anza na mkanda wa feni. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu zaidi. Unapaswa kubonyea kiasi cha milimita 12 hadi 15. Ukibonyea zaidi, unateleza. Angalia pia mbavu zake: mkanda uliokwisha kung'aa kama kioo huteleza hata ukikazwa, na dawa yake ni mkanda mpya. Kuukaza kupita kiasi kunaua beringi za pampu ya maji, kwa hiyo ukiona fundi anaukaza kwa nondo hadi unalia, mzuie.

Baada ya mkanda, tazama uso wa rejeta. Huku kwetu mapezi ya rejeta, yale mabati membamba usoni mwake, huziba kwa vumbi jekundu la Magarini, wadudu, nyuzi za makuti na mabua yanayopeperuka kutoka kwenye mzigo. Yaoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yakipita kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utokee kulikoingilia. Shinikizo kubwa la mashine za kuoshea magari hulaza mapezi na kufunga njia ya hewa, kwa hiyo mpira wa kawaida wa bustani unatosha. Mapezi yaliyolala huinuliwa moja moja kwa kisu butu, kazi ya subira ambayo kijana makini anaweza kuimaliza kwa alasiri moja.

Lipo tatizo jingine la uso wa rejeta ambalo watu wa pwani tunapaswa kulijua kuliko wengine wote, na nashangaa kwamba halizungumzwi sana. Malori yanayopita kila siku kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni hulowa vumbi la chumvi, na hata yale yasiyofika huko hupigwa na upepo wa bahari. Chumvi hula risasi ya kulehemu iliyounganisha pezi na mrija. Rejeta huonekana safi, mapezi yamesimama, maji yanapita, lakini pezi halishiki tena mrija, na joto halina njia ya kuvuka kutoka kwenye maji kwenda kwenye hewa. Pima hivi: sugua mapezi taratibu kwa ncha ya kidole. Yakitikisika au yakivunjika na kuacha unga wa kijani, rejeta hiyo imekwisha kazi hata kama haivuji hata tone. Kuosha hakutasaidia. Peleka kwa fundi wa rejeta aweke kiini kipya kati ya matangi ya zamani. Hatua hiyo ni bora kuliko kubadilisha rejeta nzima, kwa sababu rejeta ya gari jingine ni nadra kutoshea au kuwa na upana ule ule. Wengine hupaka mapezi rangi nzito ili kuzuia kutu, na rangi hiyo huzuia joto lisitoke. Kama ni lazima kupaka, iwe nyembamba na nyeusi.

Sababu ya tatu ni bati linalozunguka feni. Malori mengi yamepoteza bati hilo kwa kuwa liliondolewa siku ya kubadilisha mkanda na halikurudishwa. Bila bati, feni huvuta hewa ya moto iliyoko ubavuni mwa injini badala ya hewa inayopita kwenye rejeta, na pembe za rejeta hubaki bila kazi. Fundi wa bati anaweza kuunda jipya kwa vipimo: feni iingie ndani ya bati hadi karibu nusu ya upana wa mapanga yake, na mapanga yasiguse chochote injini inapotikisika. Hakikisha pia kwamba feni yenyewe haikufungwa kinyumenyume, jambo linalotokea mara kwa mara baada ya kazi ya pampu. Lori likiwa linanguruma bila kukanyagwa mafuta, shika karatasi mbele ya rejeta, kwa mbali na feni. Karatasi inapaswa kuvutwa na kunata.

Wengi huuliza juu ya kuongeza feni ya umeme. Ushauri wangu ni kuikataa mpaka yote yaliyotajwa yawe yametengenezwa. Malori mengi ya miaka hiyo yana dinamo badala ya alteneta, na dinamo hutoa umeme kidogo sana injini inapozunguka polepole, yaani wakati ule ule ambao feni ya umeme inahitajika. Betri itaisha kabla ya foleni.

Tahadhari moja juu ya kuisoma dalili hii wakati wa kaskazi. Lori linalotoka Garsen kuja Malindi likiwa na mzigo, kwa mwendo wa kilomita 30 au 40 kwa saa, huwa na upepo mkali wa kaskazi mgongoni, na upepo huo unakwenda karibu sawa na lori lenyewe. Hewa inayopita kwenye rejeta inakuwa kidogo sana ingawa dereva anaona gari linakwenda. Kama lori linachemka kwenye safari ya kuja tu, na halichemki likirudi kwa mzigo ule ule na mwendo ule ule, bado kasoro ni ya feni.

Linachemka likiwa na mzigo, likipanda mwinuko au likishika kasi

Lori linalotulia mjini lakini likachemka likipanda kuelekea Marafa na shehena ya mawe lina upungufu wa maji yanayozunguka au wa njia ya kupitia. Hapa kuna kazi kubwa zaidi, na ndipo penye kiini cha matatizo ya ukanda wetu.

Kwanza hakikisha kiasi cha maji, injini ikiwa baridi, na utazame kifuniko cha rejeta. Malori mengi ya zamani hutumia kifuniko cha pauni 4 au 7 kwa inchi ya mraba. Kifuniko cha pauni 4 hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 107, na cha pauni 7 hadi karibu nyuzi 111. Mpira wake ukiwa umekauka au springi imechoka, maji huchemka kwa nyuzi 100, na nyuzi hizo chache zilizopotea ndizo zingekufikisha juu ya mlima. Usiweke kifuniko chenye nguvu kuliko kilichoandikwa kwa ajili ya rejeta yako, kwani viungo vya risasi vya zamani havikuundwa kwa shinikizo hilo na vitafunguka.

Pili, shika mpira wa chini wa rejeta. Upande huo ndiko pampu inakovuta maji, na mpira uliolainika hunyonywa ukajifunga injini inapozunguka kwa kasi, kisha ukafunguka tena unaposimama kuuangalia. Ndani yake hutakiwa kuwa na springi ya waya inayouzuia usijifunge. Mara nyingi springi hiyo imeliwa na kutu ikatoweka. Msaidizi akanyage mafuta polepole huku wewe ukitazama, mikono yako ikiwa mbali na feni.

Tatu, na hili ndilo la kukaa nalo, ni maji yenyewe. Malindi na Lamu zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyetu hupita humo yakibeba chokaa, na visima vilivyo karibu na ufuo huongeza chumvi juu yake. Kila unapojaza rejeta kwa maji hayo, maji hupotea kwa mvuke na chokaa hubaki, kama inavyobaki chini ya birika la chai. Chokaa hiyo hupitisha joto kwa shida mara 20 hivi kuliko chuma cha bloki. Utando mwembamba kwenye kuta za silinda unatosha kuzuia joto lisifike kwenye maji ipasavyo, na hapo geji inaweza kuonyesha hali njema ilhali silinda ya nyuma inaungua. Chumvi nayo hula mapanga ya pampu ya maji hadi yanabaki vishina visivyosukuma kitu.

Ukaguzi ni rahisi. Endesha lori mpaka lipate moto wa kawaida, zima injini, kisha pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta bila kuugusa, au tumia kipimajoto cha miale ambacho siku hizi si ghali. Joto linapaswa kupungua taratibu kutoka juu kwenda chini. Mahali penye baridi ya ghafla ni mirija iliyoziba. Injini ikishapoa, fungua bomba la kumwagia maji lililo ubavuni mwa bloki. Kama hapatoki kitu ingawa rejeta imejaa, tope limejaa nyuma ya bloki. Choma tundu hilo kwa waya mgumu, na usishangae kuona tope la rangi ya kahawia likitoka kwa vikombe.

Kusafisha hufanywa kwa hatua. Ondoa thamostati, yaani vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta, tenganisha mipira yote miwili, na upitishe maji safi kinyume cha mwelekeo wake wa kawaida, kwenye rejeta peke yake na kwenye bloki peke yake, hadi yatoke meupe. Kama chokaa imebaki, rudisha mipira, tumia asidi ya sitriki, ile ya unga inayotumika pia jikoni, kiasi cha gramu 50 kwa kila lita ya maji, uiendeshe injini kwa moto wa wastani kwa nusu saa bila mzigo, uimwage, kisha uoshe kwa maji yenye magadi kidogo na umalizie kwa maji matupu mara kadhaa. Usitumie asidi ya betri wala ile kali ya kusafishia vyoo, hata kama mtu amekuhakikishia kwamba inafanya kazi haraka: inakula risasi, shaba na alumini pamoja na chokaa, na mvuke wake unaunguza mapafu. Elewa pia kwamba katika injini iliyoliwa sana, kutu ndiyo iliyokuwa inaziba matundu. Baada ya kusafisha, visahani vya chuma vilivyoziba matundu ya bloki vinaweza kuanza kuvuja, na ni afadhali vivujie gereji kuliko vivujie njia ya Sala.

Jaza maji ya mvua. Nyumba nyingi za pwani zina matangi, na visiwa vya Lamu vina majabia yaliyojengwa tangu zamani kwa kazi ya kuvuna maji ya paa. Maji hayo hayana chokaa ya kisimani, nayo ndiyo ya kuwekwa kwenye rejeta. Uyachanganye na dawa ya rejeta ya kuzuia kutu, ukichagua aina iliyoandikwa kwamba haidhuru shaba na risasi. Hatuogopi barafu hapa, lakini dawa hiyo huilinda pampu na bloki. Dawa nyingi za aina hiyo zina sumu yenye ladha tamu. Maji ya zamani yasimwagwe uani, ambako punda, paka au mtoto anaweza kuyafikia.

Ikiwa maji na njia zake ni sawa na lori bado linachemka kwa mzigo, tafuta joto la ziada linalozalishwa na injini yenyewe. Kwenye injini ya petroli, taimingi (wakati wa cheche kuwasha petroli) iliyochelewa huupeleka moto kwenye matundu ya ekzosi na hedi hupata joto ambalo halikukusudiwa. Utaona pia gari limekuwa zito na linakula mafuta. Kwenye injini ya dizeli, angalia moshi mweusi: ni dalili ya mafuta mengi au nozeli zilizochoka. Usisahau breki zinazoshika. Baada ya safari fupi bila kukanyaga breki sana, gusa kwa tahadhari katikati ya kila gurudumu. Moja likiwa moto kuliko mengine, injini imekuwa ikivuta mzigo usioonekana. Marekebisho ya pampu ya dizeli usiyajaribu mwenyewe. Yanahitaji mashine ya kupimia, na fundi wa pampu ndiye mwenye nayo.

Joto hupanda ghafla, dakika chache baada ya kuwasha

Injini iliyolala usiku kucha haipaswi kufika kwenye alama nyekundu kabla ya kutoka Malindi mjini. Ikifika, sababu ya kawaida ni maji machache au hewa iliyonaswa ndani baada ya matengenezo. Egesha lori pua ikiwa juu, fungua kifuniko injini ikiwa baridi, jaza polepole, kisha uwashe na uiache injini izunguke taratibu huku mapovu yakitoka. Minya mpira wa juu mara kadhaa na uongeze maji.

Sababu ya pili ni thamostati iliyokwama ikiwa imefungwa. Mpira wa juu utabaki baridi huku injini ikiwaka moto. Itoe, uitundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, na uyapashe maji. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na namba iliyochongwa juu yake, kwa mfano 74 au 82, na kuwa wazi kabisa nyuzi 10 hadi 15 juu ya hapo. Isipofunguka, weka mpya.

Hapa sina budi kusema waziwazi jambo ambalo mafundi wengi watalipinga. Kuondoa thamostati moja kwa moja si matengenezo. Katika injini nyingi ipo njia ndogo ya maji kurudi kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta, na thamostati ikiondolewa njia hiyo huendelea kuiba sehemu ya maji ya moto. Injini nayo hufanya kazi ikiwa baridi mno asubuhi, oili hujaa tope, na silinda huliwa. Wala kuweka thamostati ya nyuzi chache hakuongezi uwezo wa rejeta. Kunachelewesha tu wakati wa kuchemka. Ukitaka kusaidia, toboa tundu la milimita 3 ukingoni mwa thamostati, na uirudishe thamostati mahali pake tundu hilo likiwa juu, ili hewa ipate pa kutokea.

Maji hupungua kila siku

Kabla ya kutafuta pa kuvuja, acha kujaza hadi mdomoni. Rejeta ya zamani isiyo na chupa ya pembeni inahitaji nafasi ya sentimita 3 hivi chini ya shingo, kwa kuwa maji hupanuka yanapopata moto. Utingo anayejaza hadi pomoni kila asubuhi ataona maji yakirushwa kila asubuhi, na wote wataamini kuna kasoro. Weka alama, uache siku chache, na uone kama maji yanatulia hapo. Chupa ya kupokea maji yanayomwagika, ikifungwa kwa mpira mwembamba, hukuonyesha kiasi hasa kinachotoka.

Yakizidi kushuka, angalia kwa mpangilio huu: klipu za mipira, madoa meupe au ya kijani kwenye viungo vya rejeta, tundu dogo chini ya pampu ya maji, ambalo likidondosha maji maana yake ni sili imekwisha, na visahani vya bloki. Yakishuka bila doa lolote popote, nenda sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Dawa za unga za kuziba matundu, pamoja na pilipili, bizari na ute wa yai wanaotumia baadhi ya madereva, huziba mirija mizima kwa wepisi ule ule zinaoziba tundu. Zitumike tu kama ndiyo njia pekee ya kutoka porini, na mfumo uoshwe mara ufikapo.

Geji inapanda lakini injini haionyeshi moto

Pima kwanza kwa kipimajoto kwenye nyumba ya thamostati. Geji za umeme hudanganya pale nyaya za ardhi zilipoliwa na kutu, na kwenye pwani yetu hilo ni jambo la kawaida. Safisha nyaya hizo kati ya injini, chasi na betri. Kumbuka pia kwamba kihisi kisichoguswa na maji hakipimi kitu. Geji ikishuka ghafla wakati injini ina moto mkali, maji yamekwisha, na injini izimwe papo hapo.

Linachemka baada ya kuzimwa, au haliwaki tena likiwa moto

Maji yakiacha kuzunguka, chuma chenye moto huendelea kuyapasha. Baada ya mwendo mzito, iache injini izunguke polepole kwa dakika mbili au tatu kabla ya kuizima. Kwa injini ya petroli inayokataa kuwaka hadi ipoe, petroli imegeuka mvuke kwenye bomba lililo karibu na ekzosi, au koili imeshindwa. Gusa koili kwa tahadhari uone kama imepata moto mno, na uweke bati la kukinga joto kati ya bomba na ekzosi. Usimwage petroli kwenye kabureta ya injini yenye moto. Malori yamewahi kuungua kwa njia hiyo.

Mapovu kwenye rejeta, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe usioisha

Hapa simamisha lori na usiliendeshe tena, hata kwa umbali mfupi. Dalili hizi huonyesha gasketi ya hedi iliyoungua, au hedi au bloki iliyopasuka. Maji yakiingia kwenye oili, beringi za kranki hufa ndani ya muda mfupi, na maji yakijaa kwenye silinda, fito za pistoni hupinda unapowasha.

Kipimo kimoja unaweza kukifanya mwenyewe. Injini ikiwa baridi, ondoa mkanda wa feni ili pampu isizunguke, jaza rejeta, uwashe kwa muda usiozidi dakika moja, na utazame maji. Mapovu yanayotoka mfululizo ni gesi ya silinda inayovuja.

Kazi inayofuata ni ya fundi mwenye vifaa, nawe uwe na maswali ya kumuuliza. Je, hedi itapimwa unyoofu kwa rula ya chuma kabla ya kurudishwa? Je, itakaguliwa nyufa kwa shinikizo au kwa dawa maalumu, hasa katikati ya matundu ya valvu? Boliti zitakazwa kwa spana ya kipimo, kwa mpangilio uliotolewa na kiwanda, kutoka katikati kwenda pembeni? Gasketi nyingi za miaka hiyo zilikuwa na asbesto. Mabaki yake yalowanishwe na kukwanguliwa kwa mkono, yasisuguliwe kwa mashine wala kupulizwa kwa hewa, na vijana wa gereji wavae barakoa. Fundi anayesema gasketi mpya peke yake inatosha, bila kupima chochote, hajatafuta kilichoiunguza ile ya kwanza. Baada ya kufunga, isipokuwa gasketi iwe ya aina isiyohitaji, boliti hukazwa tena injini ikishapata moto na kupoa, kisha mara nyingine baada ya kilomita mia kadhaa, na nafasi za valvu hupimwa upya kila mara hilo linapofanyika, kwa kuwa hedi ikishuka hata kidogo nafasi hizo hubadilika.